Kikombe cha Baridi Huandaliwa Jana

Somo: Mathayo 10:40–42



Sura ya kumi ya Mathayo ni sura nzito. Yesu anawatuma wale Thenashara na kuwakataza kubeba fedha, mkoba wa safari, hata nguo ya kubadilisha. Anawaambia watapelekwa mabarazani, watachukiwa, ndugu atamtoa ndugu yake auawe. Kisha, baada ya hayo yote, anamalizia na jambo la jikoni: mtu akimpa mmoja wa wadogo hawa kikombe cha maji baridi kwa sababu ni mwanafunzi, thawabu yake haipotei.

Marko naye anayo habari hii (9:41), ila kwake ni kikombe cha maji tu. Mathayo anataja kwamba ni ya baridi. Wiki hii nimeifikiria sana hiyo baridi. Katika nchi ile ya jua kali, maji yaliyoshinda chomboni huwa vuguvugu. Ukitaka ya baridi, lazima mtu ainuke ashuke kisimani ayateke sasa hivi, au awe ameyaweka tangu usiku kwenye mtungi wa udongo, mahali penye kivuli na upepo. Maji vuguvugu hayamgharimu mwenye nyumba chochote. Ya baridi yana hatua za mtu ndani yake, na mara nyingi hatua hizo zilipigwa kabla mgeni hajaonekana njiani.

Sisi wa Gitting tunaweza kuupita mstari huu haraka. Tunaishi miguuni pa Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, na asubuhi za Juni na Julai mtu hutembea mikono imekunjwa kwapani mpaka jua lipande. Kwetu ukarimu ni chai ya maziwa ya moto. Mgeni akibisha hodi, sufuria inabandikwa kabla hajamaliza salamu. Ni desturi njema, wala siombi ibadilike. Lakini si kila anayefika mlangoni kwetu ametoka kwenye baridi. Anayekuja saa nane mchana wakati wa mavuno amekuwa akipiga mahindi tangu asubuhi, na vumbi limemkaa kooni. Mwingine amepanda kwa miguu kutoka Katesh, au ametoka bonde la Balangida ambako jua linachoma kwelikweli. Mpe mtu huyo chai inayofuka moshi: atashukuru, atapuliza, ataweka kikombe chini kipoe. Kiu yake bado iko palepale.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya kinywaji ambacho vijana wetu wamerudi nacho kutoka mjini, kahawa baridi yenye matunda. Wamekionja Arusha na Dar es Salaam, kwenye migahawa ambako bilauri moja inauzwa kwa bei inayokaribia ujira wa kibarua wa siku. Wazee kadhaa wameniuliza kama hiyo si anasa isiyofaa nyumba ya Mkristo. Nawajibu kwa moyo wote: anasa iko kwenye bei ya mgahawa, haiko kwenye kinywaji. Nyumbani unahitaji kahawa, maji safi, matunda, na usiku mmoja wa kungoja. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nikipende, nami nitakieleza kwa kirefu ili anayetaka kujaribu asipate shida.

Kahawa kwanza. Arabika nzuri inalimwa jirani na mkoa wetu, Karatu kuelekea Oldeani, na mbali zaidi Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga. Anayepata punje mbichi azikaange kwenye karai kavu, moto wa wastani, akikoroga bila kuacha. Zitatoka kwenye kijani ziwe njano, kisha hudhurungi, halafu zitaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Mlio ukitulia, epua. Wengi wetu tumezoea kuiacha kahawa mpaka iungue, na kwa kahawa chungu ya moto mtu anaweza kuvumilia, lakini kahawa iliyoungua huua harufu ya tunda. Iache ipoe kabisa, uitwange kinuni mpaka iwe chenga unazoweza kuzihisi kati ya vidole. Isiwe unga. Unga hupenya kwenye kitambaa na kuacha tope chini ya bilauri.

Pima kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vinne au vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanya kwenye jagi au ndoo ndogo yenye mfuniko, koroga mpaka chenga zote zilowe, funika, uende ukalale. Saa 12 zinatosha, 16 si nyingi mno. Pembe ya baridi ya jiko la Gitting inafaa kabisa kwa kazi hii, na moto hauhitajiki. Maji ya moto huikamua kahawa kwa dakika chache na kutoa kila kitu pamoja, harufu na uchungu na ukali. Maji baridi huchukua polepole rangi, harufu na utamu, na sehemu kubwa ya ukali inabaki kwenye chenga. Kwa hiyo hata sukari utatia kidogo.

Asubuhi ni kuchuja. Mama mmoja wa jumuiya yetu hutumia kitambaa cheupe cha pamba, ambacho hakitumii kwa kazi nyingine yoyote. Hukilowesha kwanza, akamimina kahawa ndani, akafunga ncha nne na kukitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, jagi likiwa chini yake. Hakikamui, kwa kuwa kukamua hurudisha uchungu na chembe. Hukiacha kidondoke chenyewe, naye anakwenda kukamua ng'ombe. Akirudi na ndoo ya maziwa, matone yamekwisha, na ukiliinua jagi mbele ya dirisha unaona weusi wenye wekundu wa mbali, hauna hata chembe. Chenga zilizobaki anazipeleka kwenye shina la mboga. Mwenye friji anaweza kuiweka kahawa hiyo siku kadhaa. Asiye na friji aitumie siku hiyohiyo.

Matunda sasa. Mimi naliweka mbele pasheni, kwa sababu ukali wake na kahawa vinapatana. Kata tunda, kwangua rojo uitie kwenye chujio, sugua kwa kijiko mpaka mbegu zibaki tupu. Usizitie kwenye blenda, maana mbegu zikivunjika hutia uchungu wa aina nyingine. Ongeza sukari kidogo au asali. Mimina juisi hiyo chini ya bilauri, weka barafu au maji ya baridi, kisha mimina kahawa taratibu juu yake. Juisi yenye sukari ni nzito zaidi, kwa hiyo utaona njano imekaa chini na weusi umetulia juu, mpaka mnywaji aingize kijiko. Anza na sehemu moja ya kahawa, moja ya juisi na moja ya maji au barafu, halafu rekebisha kwa ulimi wako.

Pichi na plamsi zichemshwe dakika chache na sukari kidogo, zipondwe, zichujwe. Embe bivu linahitaji kusagwa tu. Wanaopenda maziwa wawe waangalifu: pasheni na ndimu huyagandisha, na nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuyafanya machungu, kwa hiyo lichemshwe kwanza. Embe na ndizi hazina ugomvi na maziwa. Asiyeweza kupata kahawa ya kukaanga anaweza kutumia Africafe ya kiwanda cha TANICA cha Bukoba, akiikoroga kwanza kwenye maji ya vuguvugu kidogo kabla ya kutia ya baridi. Si ladha ileile, lakini inakata kiu.

Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu hudhani baridi inasafisha. Vijidudu vingi vya kuhara hulala tu ndani ya barafu na kuamka tumboni. Na nyumba isiyo na umeme isijione imeachwa nje. Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo hadi upande wa nje, yanakauka, na katika kukauka yanachukua joto la maji yaliyo ndani. Mtungi uliofunikwa ukalala barazani usiku wa Julai hapa kwetu utatoa maji yanayouma meno.

Watoto wasipewe kahawa. Mama mjamzito apunguze sana, na mwenye vidonda vya tumbo au asiyepata usingizi afanye vivyo hivyo, hasa kwa kuwa kahawa hii ya kuloweka ni nzito kabla ya kuchanganywa. Lakini mtoto apewe bilauri ileile, juisi ileile na barafu ileile, bila kahawa tu. Watoto hutazama bilauri kabla ya kutazama kilichomo, na hujua mara moja kama wamehesabiwa pamoja na watu wengine.

Yupo atakayesema kwamba kahawa na matunda havikukutana tangu asili. Kahawa yenyewe ni tunda. Juu ya mti ni jekundu, lina nyama tamu nyembamba, na ndani yake punje mbili zimelala zikitazamana. Wahaya wa Kagera walilijua hilo kabla hatujaanza kunywa kahawa vikombeni. Huchemsha matunda ya kahawa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huyakausha, na mgeni akiingia hupewa punje atafune huku mazungumzo yakiendelea. Undugu wa kuchanjia nao ulifungwa kwa punje hizo, kila mmoja akimeza punje yenye damu ya mwenzake. Yemen, maganda makavu ya tunda la kahawa huchemshwa na tangawizi, na kinywaji hicho kinaitwa qishri. Oman, ambako ndugu zetu wengi wa Pwani wana jamaa, kikombe kidogo cha kahawa hakiji bila tende. Ureno wana kahawa baridi yenye ndimu, wanaiita mazagran, jina la mji wa Algeria. Vijana wetu, basi, hawakuokota upuuzi barabarani. Wameokota desturi ya watu wengi wanaojua kukaribisha.

Turudi kwa hao wadogo. Katika sura hii ya Mathayo, wadogo ni watu walioko njiani, wasio na fedha wala nguo ya pili, wanaotegemea mlango wa mtu mwingine ufunguliwe. Hapa kwetu ni nani? Sihitaji kuzunguka. Ni kibarua. Ni kijana aliyekuja kuvuna ngano au kung'oa maharage, anayelala penye nafasi na kula anachopewa. Nyumba zetu nyingi zina vikombe vya aina mbili. Vioo vimo kabatini, vinamngoja askofu, mkwe, mheshimiwa diwani. Kibarua hupewa kopo la plastiki lililokatwa mdomo, linalokaa karibu na pipa la maji. Nimeingia katika nyumba za waumini wanaoimba vizuri na kutoa sadaka bila kunung'unika, nikaona kopo hilo. Linanihuzunisha kuliko mengi ninayoyasikia katika vikao vya usuluhishi.

Isije mtu akanielewa vibaya: kikombe si badala ya ujira. Kumbukumbu la Torati 24:15 linaagiza kibarua alipwe siku yake kabla jua halijachwa, na Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa unamlilia Mungu mwenyewe. Ukimpa mtu bilauri nzuri ya kahawa yenye pasheni halafu ukamwambia arudi wiki ijayo kuchukua fedha yake, umemdhihaki. Mlipe kwanza. Kisha mpe kinywaji katika kioo kilekile cha mkwe wako, kwa mikono miwili, umwite kwa jina lake.

Na kuna wadogo wengine tusiowaona, wakulima wa kahawa. Katika miaka ya 1890 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walikuwa tayari wameunda chama chao cha kutetea kahawa yao. Karne moja imepita. Kahawa yetu inapita mnadani na sehemu kubwa kabisa inavuka bahari, ikanywewe baridi na moto katika miji ambayo mkulima wake hataiona. Wapo wakulima wa kahawa wanaozeeka bila kuonja vizuri kile walichokipalilia. Kuikaanga na kuiloweka nyumbani, na kuinywa tukimwombea mkulima wa Karatu au wa Mbinga apate bei ya haki, ni jambo la imani kwangu, na naamini litakuwa hivyo kwenu.

Nimesema kilichonivuta ni usiku wa kungoja. Chai unaweza kuibandika mgeni akiwa tayari amekaa. Kahawa hii haiwezekani hivyo. Ukiitaka Jumatano mchana, ilipaswa kulowekwa Jumanne jioni, wakati hukujua nani atapita. Unamwandalia mtu ambaye jina lake hulijui. Labda hatakuja, mkanywa wenyewe. Labda atakayekuja si yule uliyemtamani. Wengi wetu tuna huruma ya kweli, ila inaamka mtu akishafika, na akishafika tunaanza kutafuta kiberiti, sukari, kikombe kisafi. Kuna ukarimu mwingine unaofanya kazi tukiwa tumelala, na Bwana aliuona katika kikombe cha maji baridi.

Tulio karibu na Katesh tumelipitia hili kwa machozi. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa iliporomosha sehemu ya Mlima Hanang. Matope, mawe na magogo vilishuka vikaingia Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na wengi zaidi walipoteza nyumba. Ilikuwa Jumapili ambayo Kanisa hufundishwa kukesha. Misaada mikubwa ilikuja baadaye, na tunaishukuru. Lakini katika saa za kwanza watu walitoa kile kilichokuwa tayari ndani ya nyumba: maji ya mtungini, uji wa asubuhi, blanketi la kitandani. Hapakuwa na nafasi ya kuanza kuandaa. Aliyekuwa na maji safi yaliyowekwa tangu jana aliyatoa, na aliyetolewa matopeni akayanywa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaume. Nikisema ukarimu, najua mzigo unakwenda kwa nani. Mama ndiye atakayechota maji, atakayekaanga, atakayechuja, kisha baba atampokea mgeni na kusifiwa. Kutwanga kahawa kinuni kunahitaji mkono wenye nguvu, na kuiloweka kunahitaji dakika chache baada ya sala ya jioni. Baba wa nyumba afanye kazi hiyo mbele ya watoto wake wa kiume. Vijana wa kwaya waliokuja na maarifa haya kutoka mjini wawafundishe baba zao, nao baba wasione haya kufundishwa.

Jumamosi hii jioni tutaloweka kahawa ya usharika katika jiko la kanisa. Mwenye pasheni, pichi au asali amkabidhi mzee wa mtaa wake, na wenye friji wagandishe maji yaliyochemshwa waje nayo asubuhi. Baada ya ibada ya kwanza meza itawekwa nje, upande wa barabara, pamoja na vioo vya kabati la ofisi. Watakaohudumiwa kwanza ni wanaopakia magunia kwenye lori la mazao, madereva wa bodaboda wanaongoja abiria pale langoni, na watoto wachunga ng'ombe ambao hawawezi kuingia ibadani kwa sababu ya mifugo. Hata asiye wa dhehebu letu akaribishwe. Wazee wa kanisa na mimi tutasubiri mwisho wa mstari, na kama kahawa itakuwa imekwisha, tutakunywa maji ya mtungi.